Kokoto ya Mia Tatu na Kumi na Nane

Novemba 11
Ziwa limeanza kuganda kingoni. Verna amenunua daftari hili akaniambia kama ni lazima nitukane watu kila siku, basi nusu ya matusi niyatie humu, walimwengu wapumzike. Nimekubali. Daftari halijibu, na hilo ndilo kosa lake la pekee.

Kwa yeyote atakayelikuta: mimi ni Orest Hnatiuk, umri miaka sitini na saba, wa Dauphin, Manitoba. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mkaguzi wa majiko na hita za gesi. Niliingia vyumba vya chini vya watu, nikanusa, nikapima, na palipokuwa na hatari nikatundika kibandiko chekundu: USIWASHE. Watu walinichukia, lakini walibaki hai. Sasa nimestaafu na kilichobaki ni Ukumbi.

Ukumbi ni mahali pa kubishana mtandaoni. Kuna vyumba vinne: Teknolojia, Siasa, Afya, na Maisha ya Kila Siku. Hicho cha mwisho ni cha watu wanaopiga picha supu. Kuna desturi moja tu inayopafanya mahali pale pastahili umeme wangu. Mtu akikubadilisha mawazo, unampa kokoto, na chini ya kokoto unaandika ulichokuwa ukiamini na unachoamini sasa. Bila maandishi hayo kokoto haihesabiki. Mimi, kwa jina la Mkaguzi31, nimepewa kokoto 291. Nilizowahi kutoa: hakuna hata moja. Si kiburi. Hajatokea anayestahili.

Novemba 14
Nyuzi 9 chini ya sifuri. Mtu wa Alberta anasema kitunguu saumu ndani ya soksi kinatibu mafua. Nimemuuliza kama pua yake iko mguuni. Kokoto mbili.

Novemba 22
Siku nzima Siasa. Jamaa mmoja hajui tofauti ya mbunge na diwani, lakini anajua kila waya uliomo ndani ya mashine ya kuhesabia kura. Debe tupu haliachi kuvuma. Nimemwacha avume.

Novemba 30
Theluji. Verna ameenda kupika kwenye klabu ya wazee. Nimebishana na mtu kuhusu magari yanayojiendesha mpaka nikagundua kwamba hana leseni ya udereva.

Desemba 4
Lipo bibi moja la Saskatchewan linalojiita BibiPaka. Halitii nukta wala herufi kubwa, na kila andiko linaambatana na picha ya paka. Leo, katikati ya mjadala mzito kuhusu chanjo, limeingia na kumuuliza mpinzani wangu, "mwanangu umekula lakini". Mpinzani akajibu kwamba hajala. Wakaanza kuzungumzia mchemsho wa shayiri. Mjadala wa saa mbili ukafia kwenye sufuria. Nimewaandikia wasimamizi nikiwaomba wamfungie Bibi huyo katika chumba cha supu. Hawajajibu.

Desemba 16
Nyuzi 24 chini. Leo nimempata wa kula naye sahani moja.

Anajiita Misumari, seremala mstaafu wa Ontario, anaishi mahali penye ziwa. Analalamika katika chumba cha Afya kwamba tangu mnara mpya wa simu uwashwe kando ya ziwa lao hana raha. Jumamosi mbili mfululizo, akiwa ndani ya kibanda chake cha kuvulia samaki juu ya barafu, kichwa kimemgonga, masikio yamevuma, na moyo umemchafuka hadi kutapika. Anasema ni mawimbi ya mnara.

Nikamwandikia, "Ndugu, umesema Jumamosi. Siku nyingine mnara huwa likizo?"

Ukumbi mzima ulicheka. Kokoto sita kwa sentensi moja, nimefika 299. Misumari akajibu, "Bwana Cheti, wewe una vyeti, mimi nina kichwa. Kinachouma si cheti." Kwa mjinga, si jibu baya.

Desemba 19
Kile kidude cha kunusa gesi kilichoko juu ya mlango wa jikoni kimeanza kulia, tii, kila dakika. Betri imechoka. Nilikuwa nimefika katikati ya maelezo ya mawimbi ya redio kwa Misumari, hoja tisa zilizopangwa vizuri, na kila tii ilinipotezea sentensi. Nimepanda kiti nikaitoa betri. Nitatia nyingine nikimaliza.

Desemba 21
Kokoto ya mia tatu. Verna akaniuliza inanunua nini. Nikamwambia hainunui kitu, ni heshima. Akaniuliza kama heshima yenyewe inaweza kwenda kuzoa theluji mlangoni.

Desemba 29
Misumari tena. Kichwa tena. Jumamosi tena. Anang'ang'ania kama kupe. Nimempa viungo vya tafiti nne, akaniuliza kama hao watafiti wamewahi kukaa kwenye kibanda chake. Sikio la kufa halisikii dawa.

Januari 6
Mkesha wa Krismasi ya kwetu, ile ya kalenda ya zamani. Verna alipika vyakula vyote kumi na viwili vya desturi, kuanzia ngano ya asali hadi perohe, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, akaweka sahani ya ziada kwa ajili ya mgeni yeyote atakayebisha hodi, kama walivyofanya bibi zetu. Tulikuwa wawili tu na sahani ya tatu. Baada ya samaki niliinuka kidogo, kwa sababu Misumari alikuwa ameandika kwamba mnara "unakausha damu", na jambo kama hilo huwezi kuliacha lilale.

Niliporudi perohe zilikuwa zimepoa. Verna hakupandisha sauti. Alisema, "Mwenzangu, hapa kiti cha mgeni kiko wazi, na wewe uko chumba cha pili unamtukana mgeni."

Nikamwambia yule si mgeni, ni mpumbavu. Akaitoa ile sahani ya tatu akaiosha, ingawa ilikuwa safi.

Januari 13
Nyuzi 33 chini. Gari limekataa kuwaka. Sikuandika popote.

Januari 19
Misumari ametuletea sura mpya. Jana alikwenda kibandani na mkewe, Colette. Anasema Colette alisinzia kwenye kiti akiwa na kamba ya ndoano mkononi, na kumwamsha ilikuwa kazi. Mbwa wao naye hataki tena kuingia. Anakaa nje kwenye baridi na kubweka mlangoni.

Nikaandika kwamba kwa mara ya kwanza katika mjadala huu tumempata mwenye akili katika kaya ile, na ana miguu minne. Kokoto tano.

Na hapo, kama kawaida, Bibi akajitokeza: "pole sana mwanangu ukitoka nje ukarudi nyumbani kinapoa". Misumari akamjibu kwamba ndiyo, nusu saa tu ya kutembea kwenye upepo na kichwa kinakuwa chepesi. Bibi akaandika kwamba atalifikiria. Nikawaambia watu watulie, Bibi anafikiria. Nikapata kokoto nyingine kwa hilo.

Januari 27
Verna alisimama nyuma yangu akasoma. Akauliza, "Huyu mtu anaumwa nini hasa?"

Nikamwambia anaumwa ujinga.

"Nimekuuliza anaumwa nini, sikukuuliza anaamini nini."

Nikamweleza kwamba anachoamini ndicho kinachobishaniwa. Akaenda zake jikoni akinung'unika kwamba nikiwa kazini nilikuwa nalisikiliza hata bomba.

Februari 3
Wazo la karne. Misumari anasema sitaki kumwamini kwa sababu sijajaribu. Haya basi, tujaribu. Nimemwekea masharti mbele ya Ukumbi wote, na ninayanakili hapa kwa sababu yamekaa vizuri:

"Funika kibanda chako chote kwa foili nene ya alumini, kuta, dari na mlango. Ziba kila ufa na kila kitundu. Usiache hata tundu la sindano, maana mawimbi hupenya penye tundu. Kaa ndani saa tatu na shahidi wako. Simu zizimwe. Kichwa kikikuuma humo ambamo wimbi haliingii, basi si mnara, na utanipa kokoto."

Amekubali. Amesema, "Na kisiponiuma, Bwana Cheti, wewe utanipa mimi. Wanasema hujawahi kutoa. Utajifunza mkono unavyonyooka."

Watu wanafuatilia utadhani ni fainali ya magongo. Tarehe ni Jumamosi ya kumi na tano.

Februari 9
Kokoto 317 bila hata kungoja matokeo. Misumari ametuonyesha picha: amekwisha funika ukuta mmoja, kazi safi kabisa, kingo zimenyooka, mshono umegandishwa kwa gundi. Ni seremala kweli, hilo simnyang'anyi. Ni kichwa chake tu kilichojengwa na fundi mwingine.

Februari 12
Nyuzi 29 chini. Nimeandika mapema maneno yangu ya ushindi. Ni mafupi, ya kiungwana, na yanauma.

Februari 15
Nitaandika kwa mpangilio, kama ripoti, kwa sababu ripoti ndiyo kitu pekee ninachojua kuandika nikiwa na hofu.

Saa nne asubuhi Misumari aliandika: "Tunaingia. Colette ndiye shahidi. Hakuna tundu. Tunazima simu, tutaonana saa saba." Nikajimiminia kahawa. Watu kama mia mbili walikuwa wakingoja ukumbini, wakitaniana.

Saa nne na nusu hivi, BibiPaka aliandika. Hakukuwa na paka. "jamani ile hita yake mpya ya gesi ataiwasha humo ndani".

Nilisoma mara tatu. Ya kwanza nilitafuta cha kumcheka. Ya pili sikuona kitu. Ya tatu nikaweka kikombe cha kahawa chini.

Sikujua kama ana hita. Alikuwa ameieleza mwezi wa kumi na moja katika Maisha ya Kila Siku, pamoja na picha: ameng'oa jiko la kuni la zamani lenye bomba la moshi, ameweka hita ya gesi isiyo na bomba. Kile chumba siingii ila kwenda kucheka supu. Lakini nisijidanganye, hata bila hita mambo yote nilikuwa nayo. Kichwa, kichefuchefu, usingizi, mbwa. Kinaanza ndani, kinaisha nje kwenye upepo. Mke naye ameugua. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa naingia mlangoni mwa mtu, nasikia mambo mawili kati ya hayo, natoa kila aliye ndani kabla sijafungua mkoba wa vifaa. Ni kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza angeijua. Mimi nilikuwa nimeambiwa tangu Desemba na mtu mwenyewe, kila wiki, kwa maandishi, nami nikawa naangalia mnara.

Kisha nikamwambia azibe matundu.

Je, nilifanya nini baada ya hapo? Nilianza kuandika. Niliandika onyo refu ukumbini, lenye vichwa vya habari, nikieleza jinsi moto usiopata hewa unavyotengeneza gesi hiyo na jinsi inavyoishika damu. Nilikuwa nimefika kwenye chanzo cha pili cha utafiti Verna alipokuja kuchukua kikombe, akasoma.

"Huyo unayemwandikia simu yake si imezimwa?"

Nikasema ndiyo.

"Orest. Acha kuandika. Anaitwa nani na yuko wapi?"

Sikujua. Miezi miwili nimelala na kuamka na mtu yule, na sikujua jina lake wala la mji wake. Najua makosa yake yote ya sarufi. Verna akanisukuma na kiti changu, akaketi pembeni yangu akaandika ujumbe wa faragha kwa jina langu, kwa vidole viwili: "Bibi, huyu mtu ni nani? Tunapiga simu."

Jibu lilikuja vipande vipande, bila nukta, haraka kuliko nilivyowahi kuona. anaitwa armand jina la pili hajasema. mke colette anaimba kwaya parokia ya sainte-odile walifanya mnada wa keki desemba. ziwa lina jina hilohilo. kibanda cha rangi ya haradali alikipaka mwenyewe mwezi wa kumi. cha tatu ukihesabu toka kwenye mnara. mbwa ana koti jekundu alishona colette. Alikuwa amesoma yote. Kila supu, kila koti la mbwa, kila takataka ambayo nilikuwa napita juu yake.

Verna alipiga simu. Walimhamisha mara tatu kabla ya kufika Ontario. Nilimsikia akisema kwa sauti ileile anayoagizia unga, "Kibanda cha haradali, mama, cha tatu kutoka kwenye mnara, mbwa mwenye koti jekundu yuko nje. Wako wawili ndani, hita ya gesi inawaka, na kimezibwa chote. Hapana, si bahati mbaya. Kimezibwa makusudi. Waliambiwa wazibe." Akaniangalia akamwambia yule wa upande wa pili nani aliwaambia.

Ilikuwa saa tano kasorobo. Onyo langu nikalituma lilivyo, na baada ya hapo hatukuwa na la kufanya. Yale maneno yangu ya ushindi yalikuwa bado wazi kwenye kona ya kioo. Nikayasoma. Ni ya kiungwana kweli.

Februari 16
Bibi mwenyewe alipiga simu parokiani, akamkuta paroko, akatuletea habari. Zimamoto wa kujitolea walikwenda na pikipiki za theluji. Mbwa aliwaonyesha. Walivunja mlango saa tano na dakika ishirini. Colette alikuwa sakafuni karibu na mlango, kucha zimejaa foili, alikuwa amejaribu kuibandua. Foili haikubanduka, maana mumewe ni fundi. Armand alikuwa kwenye kiti. Wote wawili walikuwa wanapumua. Wamechukuliwa kwa ndege hadi hospitali kubwa.

Februari 17
Colette ameamka. Yeye bado.

Februari 18
Bado.

Februari 21
Bado. Verna anasali kwa sauti, jambo ambalo hakuwa nalo.

Februari 23
Amefungua macho. Hamtambui paroko, lakini ameuliza habari za mbwa.

Nililia, na niseme ukweli, nililia jikoni mbele ya Verna. Akanipa taulo ya vyombo.

Machi 2
Nyuzi 18 chini. Ukumbini wanabishana kama kosa ni la Misumari, la mtengeneza hita, au la serikali. Watu ambao hawajawahi kuona kibanda wanaeleza unene wa foili. Mmoja kanitaja kwa heshima kama "aliyetoa onyo". Onyo langu limepandishwa juu kwa sababu lina vichwa vya habari, watu wanaliona la kwanza, na swali la Bibi liko chini ingawa ndilo lililotangulia. Sikumsahihisha. Nilizima kompyuta nikazoa theluji, yetu na ya jirani.

Machi 11
Sikuandika ukumbini. Siku ya tisa.

Machi 20
Nimejaribu kusoma chumba cha Maisha ya Kila Siku toka mwanzo hadi mwisho. Watu hawa wanachosha ajabu. Mmoja ametumia aya nne kueleza bawaba. Lakini ukisoma taratibu unajua bawaba ni ya mlango wa chumba cha mtoto aliyehama. Nisingejua hayo kama ningekuwa natafuta kosa, na lilikuwepo, bawaba aliipachika kichwa chini.

Aprili 5
Barafu imekuwa nyeusi. Malori hayapiti tena juu yake.

Aprili 14
Misumari amerudi.

Maandishi yake yamekuwa kama ya mtoto, herufi zinaruka. Anasema mkono wa kulia unatetemeka na maneno mengine hayaji akiyaita. Patasi hawezi kushika. Anasema daktari amemweleza habari ya gesi naye ameelewa, ila bado anadhani mnara ulichangia kidogo, kama asilimia ishirini. Asilimia ishirini! Kifo kimemnusa uso, naye amerudi na asilimia. Nilipata hamu ya kumjibu, nakiri, vidole vilisogea vyenyewe.

Kisha nikaona chini yake kokoto. Kokoto yangu, ya mia tatu na kumi na nane. Na chini ya kokoto, kama desturi inavyotaka:

"Nilikuwa naamini Bwana Cheti ananidharau. Sasa naamini alikuwa anasoma kila kitu nilichoandika, mpaka cha mbwa, ndiyo maana walijua wapi pa kutukuta. Colette anamsalimu. Ndugu yangu, asante."

Watu mia nne wameweka alama ya kupenda.

Aprili 15
Sikufanya kitu.

Aprili 16
Sikufanya kitu. Verna ameisoma pia. Alipika, akala, akaenda klabu, akarudi.

Nimejaribu kujitetea humu daftarini, maana nilisema halijibu. Kwamba mtu amefurahi, kwa nini umharibie. Kwamba onyo ni mimi kweli niliyeandika. Kwamba simu imetoka nyumbani kwangu. Ni hoja tatu, zimepangwa vizuri, na kama angeniletea mtu mwingine ningemla mzima mzima.

Aprili 19
Ziwa limefunguka jana mchana kwa kishindo, watu wote walitoka nje kutazama. Leo nimeandika. Nanakili.

"Armand, nairudisha kokoto yako. Wasimamizi wamesema inawezekana, hakuna aliyewahi kuomba. Mimi sikujua jina lako wala la mji wako. Nilikudharau tangu siku ya kwanza, na ulipotuambia mwenyewe kila dalili ya gesi, nilipata kokoto kwa kukucheka. Kazi yangu ya miaka thelathini na mmoja ilikuwa kuwaambia watu waache tundu. Wewe nilikuambia uzibe. Foili ni yangu. Anayesoma kila kitu ni BibiPaka.

"Bibi, hii ni kokoto yangu ya kwanza kutoa. Nilikuwa naamini kwamba nasoma. Sasa naamini nilikuwa nangoja zamu yangu."

Nikabofya kabla sijapata muda wa kuirekebisha. Wamenitukana sana, na baadhi ya matusi yana sarufi nzuri. Sasa nina kokoto 317 na watu wanadai zao zirudishwe. Warudishiwe.

Armand alijibu jioni kabla ya chakula. Ilimchukua muda, unaona kwa jinsi herufi zilivyo. "Nimesoma. Colette amekasirika. Mimi bado sijui. Niandikie mwezi ujao, nitakuwa najua." Nimeweka tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

Bibi naye alijibu. Paka wa leo ni wa kijivu na ana jicho moja.

"asante mwanangu sijui hii kokoto naiweka wapi lakini asante na wewe nyumbani kwako kile kidude cha kunusa gesi kinafanya kazi"

Nilianza kumjibu. Nilikuwa nimeandika, "Bibi, unamuuliza mkaguzi wa miaka thelathini na mmoja," kisha nikasimama na mikono juu ya herufi.

Betri nilikuwa nimeitoa tarehe kumi na tisa Desemba. Miezi minne kamili, mke wangu anapika kando ya mlango ule.

Nilichukua kiti. Verna alitoka sebuleni akaona ninakotazama, akaelewa, akaenda kwenye droo akarudi na betri mpya. Akakishika kiti kwa mikono miwili nikapanda. Nilingoja aniambie mganga hajigangi, ilikuwa haki yake. Alisema tu, "Shika ukuta, utaanguka."

Kidude kililia mara moja, tii. Nikashuka, nikafuta yote niliyokuwa nimeandika, nikamjibu Bibi: "Sasa kinafanya kazi."